Magurudumu yamegoma kushuka: hatua kwa hatua ndani ya kokpiti

Haya wadau, leo tuko kwenye simuleta, yaani mashine ya kuigiza kurusha ndege, ndani ya Airbus A320, tunakaribia kutua, nimeshusha leva ya magurudumu na hapa kwenye paneli nilitakiwa nipate taa tatu za kijani ila nimepata mbili, gurudumu la mbele linawaka jekundu. Twende taratibu, na wewe mwenye simuleta yako fanya pamoja na mimi.

Cha kwanza usianze kuhangaika na leva. Ahirisha kutua, ongeza nguvu ya injini, panda, washa otopailoti (mfumo unaoirusha ndege wenyewe), waambie waongoza ndege mna tatizo na mnaomba sehemu ya kuzunguka. Alafu gaweni kazi, mmoja anarusha ndege na macho yake hayatoki kwenye mwinuko na spidi, mwingine ndo anashika chekilisti, ile orodha ya hatua za kufuata. Hapa nasisitiza sana jamani maana hapa ndo watu wamefia. Tarehe 29 Desemba 1972 ndege ya Eastern Air Lines safari namba 401 ilikuwa inaingia Miami, taa ya gurudumu la mbele ikagoma kuwaka, kokpiti nzima ikahamia kwenye ile taa, otopailoti ikaachia mwinuko na ndege ikawa inashuka kidogo kidogo hakuna aliyeona mpaka ikapiga kwenye kinamasi cha Everglades, watu 101 wakafa. Na gurudumu lenyewe lilikuwa limeshuka vizuri kabisa, balbu ndo ilikuwa imeungua.

Pili, mafuta. Angalia yamebaki kiasi gani, andika kwenye karatasi saa ambayo ikifika mnaenda kutua hata kama tatizo halijaisha. Usiweke kichwani, andika. Mwaka 1978 kule Portland, Marekani, safari namba 173 ya shirika la ndege la United ilizunguka kama saa nzima wakishughulikia magurudumu, injini zikazimika kwa kukosa mafuta, watu 10 wakafariki. Baada ya ajali hiyo ndo mafunzo ya marubani kufanya kazi kama timu, yaani mdogo amwambie kapteni wazi wazi kwamba mafuta yanaisha, yakapewa uzito mkubwa.

Sasa ndo tuangalie tatizo lenyewe. Jiulize, gurudumu halijashuka kweli au ni taa tu? Bonyeza kitufe cha WHEEL, kwenye skrini kila gurudumu lina pembetatu mbili, kila moja inatoka kwenye kompyuta yake, ukiona hata moja ya kijani kwenye kila gurudumu basi limeshuka na limejifunga. Unaweza kupita chini karibu na mnara wakutazame ila wao wanaona limening'inia tu, kama limejifunga hawawezi kujua.

Kama bado, chekilisti ikikuruhusu pandisha leva ushushe tena. Ikigoma, tunaenda kwenye kushusha kwa uzito wake. Punguza spidi kama chekilisti inavyotaka, hapa katikati nyuma ya leva za injini kuna mpini, ukunjue, zungusha kuelekea mshale wa saa raundi tatu mpaka mwisho, haidroliki (nguvu ya mafuta yenye presha inayosukuma magurudumu) inakatwa, kufuli zinaachia, magurudumu yanaanguka yenyewe. Kwenye Boeing 737 ni mishikio mitatu chini ya kifuniko sakafuni nyuma ya kiti cha rubani msaidizi. Na angalieni sakiti breka, zile swichi za usalama zinazokata umeme, mwaka 2011 Boeing 767 ya LOT, shirika la ndege la Poland, ilitua kwa tumbo Warsaw, haidroliki ilivuja na mfumo wa akiba ukagoma kwasababu breka moja ilikuwa imeruka, bahati nzuri watu wote 231 walitoka salama.

Kwetu leo imegoma, kwahiyo tunatua bila la mbele. Tangaza mayday, yaani wito wa dharura, chagua runwei ndefu yenye zimamoto wa kutosha, mpigie mkuu wa wahudumu umwambie tatizo ni nini, muda uliobaki, abiria wajikunje kwa ishara gani na milango ipi itatumika. Ikiwezekana sogeza abiria nyuma pua iwe nyepesi. A320 haina uwezo wa kumwaga mafuta angani kwahiyo ni kuzunguka uyachome, safari namba 292 ya shirika la JetBlue mwaka 2005 walizunguka zaidi ya masaa mawili gurudumu la mbele likiwa limegeuka upande, wakatua Los Angeles hakuna aliyeumia. Ila ile saa uliyoandika usiivuke!

Kutua kwenyewe: breki za otomatiki usiziweke, rivasi (injini kusukuma hewa kwenda mbele ili ndege ipunguze mwendo) usitumie. Gusa na magurudumu ya nyuma, shikilia pua juu, alafu ishushe taratibu ukiwa bado na spidi, maana ukisubiri sana mkia unaishiwa nguvu na pua inaanguka kwa kishindo. Injini zima kabla pua haijagusa lakini sio mapema mno, kwasababu ndo zinazotoa haidroliki ya kuongozea ndege.

Ikisimama, maliza chekilisti ya kutoka, bonyeza vitufe vya moto vya injini, sikiliza zimamoto wanaona nini nje ndo utoe amri. Pua ikiwa chini mkia unakuwa juu sana, slaidi za nyuma, zile za abiria kutelezea kutoka mlangoni, zinasimama wima, kwahiyo wahudumu wa nyuma lazima watazame nje kwanza kabla hawajamruhusu mtu kuruka.