Nyumba ya Kwanza, Kaikague Mvua Ikinyesha

Haya jamani tuanze, maana nikisubiri wote wafike tutaanza saa sita. Shikamoo baba pale mbele, shikamooni wazee wangu wote. Wale wa mlangoni sogeeni, viti vipo huku, siwaulizi maswali msiogope.

Nimeambiwa niongee habari ya kununua nyumba ya kwanza, na kwa vile mnajua nimefanya kazi ya bima hapa Arusha miaka mingi najua wengine mmeshashika pochi mkidhani nimekuja kuuza, hapana, leo siuzi kitu. Nataka niwahadithie jinsi mdogo wangu alivyoponea chupuchupu kununua nyumba Marekani wiki ambayo kimbunga kinakuja, halafu tutarudi huku kwetu kwenye viwanja vyetu vya Muriet na Olasiti na Moshono.

Mdogo wangu ni nesi, yuko Tampa, jimbo la Florida. Kapanga miaka tisa, kodi inapanda kila mwaka, kachoka. Agosti 2024 akapata nyumba St. Petersburg, hiyo ni ng'ambo ya pili ya ghuba, unavuka daraja tu. Vyumba vitatu, gereji, na uani kuna mwembe. Aisee huo mwembe! Alinitumia picha ya mwembe kabla hata ya picha ya sebule, nikamwambia we mtoto unanunua nyumba au unanunua maembe.

Basi bei wakakubaliana, mkataba ukasainiwa, akaweka hela ya kuonyesha nia, benki ikakubali mkopo, siku ya kukabidhiana funguo ikapangwa Jumatano tarehe 9 Oktoba. Ishikeni hiyo tarehe.

Sasa kule msimu wa vimbunga unaanza Juni mosi mpaka Novemba 30, kila mtu anajua, ni kama sisi na masika. Kimbunga wanakipa daraja kuanzia la kwanza mpaka la tano kutokana na kasi ya upepo, la kwanza linaanzia kilomita 119 kwa saa, la tano ni 252 kwenda juu, hapo bati halina mjadala. Tarehe 26 Septemba kikapita kimoja kinaitwa Helene, hakikutua Tampa, kilipita baharini kikaenda kutua kaskazini huko, lakini kilisukuma bahari ikaingia kwenye nyumba za watu za mabondeni. Mdogo wangu akapita kuangalia nyumba yake, naiita yake ingawa bado, barabara nzima watu wametoa makochi na magodoro na friji wamerundika nje yaoze. Kwa muuzaji nje kusafi. Akaambiwa hapa kwetu haikuingia hata tone. Gereji imeoshwa inanukia dawa ile ya kung'arisha nguo nyeupe, sisi tunaita jiki. Yeye akaona huyu baba ni msafi! Mimi ningejiuliza mtu anaosha gereji kwa jiki kwa sababu gani wiki ambayo mtaa mzima unatupa makochi, ila mimi nilikuwa huku naangalia picha ya mwembe.

Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba kikazaliwa kingine kwenye ghuba ya Mexico, wakakiita Milton, na Jumatatu ya tarehe 7 kilikuwa kimeshafika daraja la tano. Siku mbili! Dalali wa nyumba akaanza kupiga simu, dada tusaini kesho Jumanne, tumalize kabla hakijafika, ukichelewa muuzaji anaweza kubadili mawazo. Mdogo wangu na yeye kapagawa anataka kusaini.

Benki ikamuuliza swali moja tu: bima iko wapi?

Hapa ndio nilitaka mfike. Kule benki haitoi senti ya mkopo wa nyumba bila bima ya nyumba kuwa imeshaanza kazi. Mdogo wangu alikuwa anazunguka kutafuta bima ya bei rahisi, leo huyu kesho yule, wiki zikaenda, hajakata. Akapiga simu Jumatatu hiyo hiyo akaambiwa mama samahani, tumefunga. Kampuni za bima za kule, Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami kikishatoa tahadhari kwa eneo lenu, zinasimamisha kuandika bima mpya mpaka kimbunga kipite, na karibu kila kampuni utakayopigia jibu ni hilo hilo. Na msiwalaumu, hebu fikiria mtu anakupigia simu anataka kukata bima ya gari huku unasikia gari linaporomoka kwenye korongo. Mwaka 1992 kilipita kimbunga Andrew kusini mwa Florida, kampuni kadhaa za bima zilifilisika kabisa kwa kulipa hasara, tangu hapo wakawa na adabu.

Tena niwaambie na hili kwa haraka maana ni fani yangu. Bima ya kawaida ya nyumba kule hailipi mafuriko. Upepo ukiezua paa inalipa, maji yakipanda toka chini hailipi, unakata bima nyingine ya mafuriko peke yake, na ile ya serikali ukiikata hivi hivi inasubiri siku 30 ndio ianze, isipokuwa kama unaikata pamoja na mkopo wa nyumba. Halafu kwenye kimbunga kuna kiasi unachobeba mwenyewe kwanza, na kinahesabiwa kwa asilimia, nyumba iliyokatiwa bima kwa dola 300,000 asilimia 2 ni dola 6,000 zinatoka mfukoni kwako kabla kampuni haijagusa. Nesi anatoa wapi dola 6,000 mwezi wa kwanza ndani ya nyumba?

Kwahiyo mkopo hakuna, kusaini hakuna. Alinipigia analia, dada nimepoteza nyumba. Nikamwambia nenda zamu, maana hospitali walikuwa wanawataka manesi walale huko huko.

Milton kilitua Jumatano ile ile ya tarehe 9, saa mbili na nusu usiku kwao, sehemu inaitwa Siesta Key, kimeshuka mpaka daraja la tatu. Kwetu ilikuwa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Alhamisi. Nimekaa jikoni na simu, meseji zangu zote tiki moja. Tiki moja. Chai imepoa naitazama tu. Saa tatu asubuhi ndio ikaja: "nipo hai, tumelala korido, nina njaa". Nikalia mimi sasa.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hapa kuna shule. Watu wote wa Tampa walikuwa wanaogopa bahari kama ilivyofanya Helene. Milton kikatua kusini yao, na upepo wa upande wa kaskazini ulikuwa unatoka bara kwenda baharini, ukayafukuza maji ya ghuba ya Tampa, bahari ikakimbia mpaka tope likabaki wazi! Badala yake ikaja mvua. St. Petersburg ilipata zaidi ya milimita 450, yani ukiacha ndoo ya lita 20 uani inajaa inamwagika. Yale maji ya mvua yakatafuta mahali pa kukaa. Yakaenda kwenye gereji ya mwembe.

Baada ya kimbunga benki haiendelei hivi hivi, inatuma mtu akaangalie nyumba upya kama bado ipo kama ilivyokuwa. Mdogo wangu akaenda naye. Paa liko zima. Mwembe umevunjika tawi. Gereji ina mstari wa tope kwenye ukuta, hapa kwenye ugoko, na chini ya huo mstari rangi iliyopakwa upya imeanza kubanduka, na chini ya rangi kuna mstari mwingine wa zamani zaidi. Mistari miwili! Jirani, bibi mmoja mtu mzima yuko na fagio anasukuma maji, akamwambia mwanangu hapo maji hulala kila mwaka, Helene ilipokuja yule baba alipiga pampu usiku kucha.

Na kuna kitu kinauma. Florida walitunga sheria, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, muuzaji lazima ajaze fomu aseme kama amewahi kudai bima ya mafuriko au kupokea msaada wa serikali kwa ajili ya mafuriko. Mkataba wa mdogo wangu ulisainiwa Agosti. Fomu hakuna. Mwezi mmoja na kidogo tu jamani.

Ila mkataba ulikuwa na kipengele kwamba nyumba ikiharibika kabla ya kukabidhiana, mnunuzi ana haki ya kutoka na kurudishiwa hela yake. Akatoka. Wakazungushana kidogo, hela ikarudi. Mwaka uliofuata akanunua nyingine, ndogo, iko juu mbali na bahari, haina mwembe. Yule dalali alikuwa anamwambia wahi kabla ya kimbunga, na angewahi saa hii ndio angekuwa anasukuma maji na bibi.

Haya turudi Arusha. Mtaniambia sisi hatuna vimbunga, kweli, tuko mbali na bahari, halafu kimbunga karibu na ikweta hakipati nguvu ya kujizungusha. Pwani ndio wanaonja, Hidaya ilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, na wazee wa Lindi wanasimulia ya 1952. Lakini maji tunayo. Desemba 3 mwaka 2023 hapo Katesh, tope lilivyoshuka toka mlima Hanang, hakuna mtu humu asiyekumbuka, wengine mlipoteza ndugu.

Na nyie viwanja mnanunua lini? Julai. Agosti. Januari. Kukavu, vumbi, dalali anakuja na bodaboda anakuonyesha kwa kidole, dada tazama kulivyotulia, Meru hiyo hapo. Mimi mwenyewe mnayeniona nafundisha, mwaka 2011 mwezi wa saba nilinunua 20 kwa 30, kiwanja tambarare kizuri, katikati kuna kanjia ka mchanga mweupe msafi, nikafurahi nikasema hapa ng'ombe wanapita, nikihamia nitaweka geti. Tena ule mchanga nilipiga hesabu nitajengea! Aprili nikaenda na fundi kuchimba msingi, tumesimama juani kabisa, hapo hakuna mvua, tunasikia mlio kama lori linapanda. Maji yakaja. Mekundu, yana magogo, yana ndala moja ya mtoto. Yanapita kwenye kile kinjia changu. Fundi akaniangalia akasema mama, hii nyumba tunajenga ya samaki? Mvua ilikuwa inanyesha juu mlimani, sisi chini hatukuona hata wingu. Mpaka leo kile kiwanja nimepanda matete ya ng'ombe, jirani anakata ananiletea maziwa lita moja kwa wiki. Ndio lita moja ghali kuliko zote Arusha.

Mchanga msafi katikati ya udongo mwekundu umeletwa na kitu. Mimi sikujiuliza. Babu zetu Wachaga walijua, angalia vihamba, yale mashamba ya ukoo kule mlimani Kilimanjaro, nyumba ziko juu mgongoni mwa kilima, korongo wameliachia migomba na maji. Hakuna mpimaji aliyewafundisha.

Kwahiyo mimi ninachosema ni kwamba kama umepata kiwanja Januari, mwambie muuzaji nakipenda, nitakuja Aprili. Atakwambia kuna mtu mwingine anakitaka. Mwache achukue. Na kama huwezi kusubiri basi nenda kaulize watu wasiolipwa na mauzo: mama muuza vitumbua wa pale kona anajua masika anahamishia meza wapi, bodaboda anajua barabara ipi hapiti Aprili, mwanafunzi atakwambia tunavuliwa viatu wapi. Angalia chini ya ukuta wa jirani kama rangi ya chini ni mpya kuliko ya juu. Angalia vizingiti, ukiona mtaa mzima wameinua vizingiti vya milango kwa matofali ujue siyo fasheni.

Ya sheria napita haraka, mwanasheria atakuja wiki ijayo. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 toka kingo za mto, hakuna ujenzi, na usije ukadhani kupimwa kwa kiwanja ndio maji hayatapita. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati, na kama muuzaji ana mke au mume usitoe hela bila ridhaa ya huyo mwenza kwa maandishi. Kwenye mkataba andikeni mpaka siku gani hasara ni ya muuzaji. Hicho kipengele ndio kilimwokoa mdogo wangu, na mikataba ya mwenyekiti wa mtaa niliyoona mimi haina, ina mashahidi sita na soda.

Maswali? Ndio, mama wa kitenge cha njano.

Anauliza, yeye ameshanunua, ameshajenga mpaka linta, na mwaka jana maji yaliingia, afanyeje. Pole sana mama. Kwanza usiendelee kupaua kabla hujajua maji yanatokea wapi, hela ya bati iwe ya mtaro na kuinua sakafu kwanza. Pili, ukikata bima, kwetu mafuriko mara nyingi ni nyongeza, uombe iandikwe, na uwaambie ukweli kwamba maji yaliwahi kuingia, ukificha siku ya kudai wataukuta huo mstari ukutani. Unakaa wapi? Olasiti, upande wa chini? Niachie namba yako. Mvua ya kwanza ikinyesha nipigie, hata kama ni Jumapili, nitakuja na gambuti tutembee tuone inakopita.

Nani mwingine? Baba, karibu.