Kamba Ina Alama, Tawi Halina: Mhadhara kuhusu Kupanda Miti kwa Burudani

Ndugu walezi wa skauti, wazazi, na nyinyi vijana mliowahi viti vya mbele, asanteni kwa kuja.

Kupanda miti, yaani kuikwea, si jambo geni kwetu. Wakwezi wa Pwani wanakwea minazi tangu enzi na enzi, na Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, hupigilia vigingi kwenye mbuyu, kimoja juu ya kingine, mpaka waifikie asali. Hao wameukulia ujuzi wao. Leo nazungumza na anayepanda kwa raha tu, ambaye hajazoea urefu na hana sababu yoyote ya kuhatarisha shingo yake. Mwaka 1983, Peter Jenkins, fundi wa kuhudumia miti huko Atlanta, Marekani, alianzisha Tree Climbers International akawafundisha watu wa kawaida mbinu za kamba za mafundi. Kanuni mama ni hii: mpandaji ananing'inia kwenye kamba iliyokaza, muda wote. Hapandi kwa kushika matawi huku kamba ikisubiri kumdaka akiteleza.

Kanuni hiyo ndiyo inayochagua vifaa. Kamba ya wapanda miamba hunyumbulika ili imdake anayeanguka. Ya mtini hainyumbuliki sana, kwa sababu ukikanyaga kupanda hutaki nusu ya nguvu yako iishie kwenye kuvuta mpira. Tafuta ya milimita 11 hadi 13. Ikiwa ya kiwango cha Ulaya, itaandikwa EN 1891 aina ya A, maana yake haikatiki chini ya kilonyutoni 22, yaani karibu uzito wa kilo 2,200. Karabina, ile pete ya chuma yenye mlango inayounganisha kamba na mkanda, huwa na alama kama hizo ubavuni. Chagua inayojifunga yenyewe, na ambayo haifunguki mpaka ufanye vitendo viwili au vitatu tofauti. Na iangalie imelala vipi: ikivutwa kwa upana badala ya urefu, hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake.

Naomba nikazie hapa, maana nimeona mambo ya kutisha. Kamba ya buluu ya duka la vifaa vya ujenzi, inayofungia mizigo ya malori, isibebe mtu. Kamba ya katani, hapana. Karabina ya kuning'inizia funguo, hapana kabisa. Kuna na ule mkanda wa mafundi wa majengo, wenye pete mgongoni: ni kifaa kizuri kwa kazi yake, lakini mtini utakuning'iniza kichwa mbele. Tunahitaji mkanda wa kukalia, mpana kiunoni, wenye kamba za mapajani na pete mbele. Kaa nao ukining'inia sentimita chache tu kutoka ardhini kwa dakika kumi kabla ya kuulipia. Mapaja yakifa ganzi, si saizi yako.

Mama mmoja ameniuliza hapo mlangoni kuhusu vifaa vya mitumba. Chuma kilichokwisha kutumika unaweza kukikagua. Kamba na mkanda ambavyo hujui historia yake, achana navyo. Huwezi kuona kama vililala kwenye buti la gari karibu na betri, na tindikali ya betri hula nyuzi bila kuacha dalili kubwa. Hata vipya vina umri: watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10, hata kama havijatumika.

Basi tuseme umenunua vyote. Kila kifaa kina namba yake. Kiungo kimoja tu hakina alama yoyote, nacho ndicho kinachobeba vingine vyote: tawi. Kwa hiyo muda mrefu kuliko wote tuutumie chini, shingo tumeinua.

Zunguka mti mzima. Uyoga unaoota kwenye shina au mizizi ni dalili kwamba ndani kunaoza. Tafuta nyufa, matawi makavu yaliyonasa juu, waya wa umeme. Tafuta nyuki, kwetu huku hilo si dogo, maana aliyefungwa kwenye kamba hawezi kukimbia. Kisha chagua tawi bichi, lenye majani, nene angalau sentimita 15, na upitishe kamba karibu na shina. Mkaratusi una sifa ya kudondosha matawi hata siku isiyo na upepo, na mparachichi hukatika upesi. Mimi napenda mwembe mkubwa, mzee lakini mzima.

Kamba hufikishwa juu kwa kurusha kifuko chenye uzito, kilichofungwa uzi mwembamba. Uzi ndio unaoivuta kamba. Wote waliopo chini wawe wamevaa helmeti tayari. Ikishapita, watu wawili au watatu waining'inie kwa pamoja kutoka chini. Tawi likilalamika, hamisha.

Sasa fundo. Tunatumia fundo la Blake. Ncha moja ya kamba imefungwa kwenye mkanda wako, ikiacha mkia wa kama mita moja. Mkia huo uzungushe kwenye upande wa pili wa kamba, ule unaoshuka kutoka kwenye tawi, mara nne, ukienda juu. Urudishe chini, upite mbele ya sehemu inayotoka kwenye mkanda wako, kisha nyuma ya kamba, utokeze ndani ya mizunguko miwili ya chini. Mwisho wa mkia weka fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8, ili usichomoke. Ukilisukuma juu linateleza, ukikaa linabana. Kwa kupanda, unakanyaga kitanzi cha mguu kilichofungwa kwenye kamba chini ya fundo, mwili unainuka, unasukuma fundo, unakaa. Kila baada ya mita moja au mbili, funga fundo la tahadhari kwenye kamba chini ya lile la Blake.

Kushuka unabonyeza juu ya fundo taratibu. Taratibu kweli: nailoni ikisuguana na nailoni kwa kasi hupata moto na kuyeyuka. Usipande juu ya tawi lililobeba kamba yako, kwa sababu hapo kamba inalegea na kanuni mama imevunjika. Na usifungue chochote kabla hujajifunga kwa kamba ya pili.

Mwisho, usipande peke yako. Aliyezimia akining'inia kwenye mkanda anaweza kufa, kwa damu kukwama miguuni, hata kama hana jeraha. Lazima ashushwe upesi, na kungoja msaada kutoka mjini ni kuchelewa. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kupanda, awepo mwingine mwenye mkanda na kamba yake, aliyekwisha kufanya mazoezi ya kumshusha mwenzake.

Kamba ziko mezani. Kaeni wawili wawili, tuanze na fundo la Blake, miguu ikiwa chini.