Hao Watu ni Nani? Vile maneno yetu hukatwa msimu wa kampeni

Hamjambo, asanteni kwa kuja, najua ni jioni na wengine wenu mmeacha boda huko nje zikiwangoja kwa hivyo sitazunguka sana. Mimi kazi yangu ni kukata sauti. Nimekaa kwa studio za redio miaka mingi, mtu anakuja anaongea dakika 40 mimi natoa sekunde 20 za taarifa ya saa moja, nimekata mpaka najua kisu kipite wapi ndio msikilizaji asisikie pengo. Ndio maana nikiona kile watu wanafanyia maneno ya wengine wakati wa kampeni huwa siwezi kunyamaza, juu najua vile hiyo kazi ni rahisi.

Acha nianze na kitu kilinipata mwenyewe. Julai 2022, uchaguzi ukiwa tarehe 9 Agosti, mtaani kwetu hapa Nakuru mifereji ilikuwa imekauka wiki tatu na kamati yetu ya maji ilikuwa imekusanya pesa za pampu na pampu haionekani. Usiku mmoja nimekasirika nikaandika kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa, "Hawa watu watoke tuanze upya, tumechoka nao." Basi. Kila memba alijua naongelea kamati, tulikuwa tumebishana nao tangu asubuhi. Siku nne baadaye shemeji yangu anaishi mbali kabisa ananitumia picha, hajui ni mimi niliandika, anaona tu ni kitu cha Nakuru, na ni ile sentensi yangu, skrinishoti imekatwa juu na chini, jina langu halipo, chini yake bango la mgombea mmoja na juu yake maandishi mekundu yanasema mpango wao sasa umejulikana. Hakuna hata herufi moja waliongeza, ilikuwa ni ile ile vile niliiandika.

Kesho yake mama jirani akaja mlangoni na simu mkononi. Huyu ni mama ambaye mwaka wa 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, alilala kwa hema pale kiwanja cha maonyesho na watoto, na nyinyi wa umri wangu mnajua hapo kulikuwa aje. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na mimi niko kwa hao watu?" Nilikosa la kusema. Nilianza kumweleza mambo ya pampu nikaona bado anaangalia ile simu.

Sasa nataka mskize hapa kidogo kwa sababu hapa ndio kiini cha yote nimekuja kusema. Angalieni lugha yetu. Kiswahili kinaweka watu wengi ndani ya silabi moja ndogo. Chukua mtu yuko jukwaani anasema, "Hawa makateli wa sukari wametunyonya miaka mingi, mkinipigia kura tutawaondoa." Mimi nikija na kisu naanzia pale kwa "mkinipigia kura tutawaondoa", narusha. Hiyo "wa" iko katikati ya tutawaondoa imebaki bila mwenyewe. Makateli nimewaacha kwa sakafu ya studio. Na binadamu akisikia "wa" haina mwenyewe haiachi ikae hivyo, anaijaza, na ataijaza na nini? Atajaza na kile anaogopa. Hapa Bonde la Ufa, mwaka wa uchaguzi, sihitaji kuwaambia watu wanaogopa nini. Kwa hivyo aliyekata hajadanganya hata neno, uongo umemaliziwa kwa kichwa cha yule anasikiza, na ndio maana ni ngumu sana kuung'oa, juu mtu anaona ni kitu amejifikiria mwenyewe.

Kuna maneno ingine hata hayahitaji kukatwa, yanakuja na historia yake. Januari 2022 Mithika Linturi, wakati huo Seneta wa Meru, akiwa kwa mkutano Eldoret alisema mambo ya kuondoa madoadoa, polisi wakamkamata, akaomba msamaha, akasema hakumaanisha makabila. Doa ni doa tu, liko kwa shati, liko kwa ng'ombe. Lakini hilo neno kule Uasin Gishu, ndiko Eldoret iko, lilisikika likimaanisha watu wa makabila ya kutoka nje, kabla watu kuchomewa nyumba, na yeyote aliyepitia 2007 hawezi kulisikia kama neno la kawaida. Kwa hivyo mimi sisemi kila kiongozi akilalamika ati amepindwa tumwamini, hapana. Kuna wenye wanasema makusudi alafu wakishikwa wanasema klipu imekatwa, na hao wanawaharibia wale wamekatwa kweli. Hapo NCIC, ile tume ya utangamano iliundwa na sheria ya 2008, ikatoa orodha ya maneno hatari Aprili 2022, madoadoa ikiwemo, hata hatupangwingwi, yaani hatupangwi na mtu, ikawekwa ndani, na hiyo ya mwisho mimi sikukubaliana nayo, juu neno la wimbo likishakuwa kosa basi yule anataka kumpeleka mwenzake polisi amepata silaha mpya.

Na hii kitu si ya jana. 2007 ilikuwa SMS. Haikuwa na picha wala sauti, ilikuwa maandishi tu "tuma kwa watu kumi", na watu 1,133 walikufa kwa hesabu ya Tume ya Waki, ile ilichunguza hizo vurugu. Sisemi SMS iliwaua, mambo ya ardhi na ya kura yalikuwa mazito kuliko simu, lakini ilibeba moto kutoka kijiji kimoja kwenda kingine haraka kuliko gari. 2017 tukaona video zimevaa nembo ya BBC na CNN zikitangaza matokeo ya kura ya maoni ambayo hayo mashirika hayakutangaza, na ile video ya dakika moja na nusu ya kumpinga Raila Odinga, mgombea wa upinzani, ikionyesha vile Kenya itakuwa imeharibika kufikia 2020 akishinda, ambayo Privacy International, shirika la kutetea faragha, walikuja kueleza baadaye ilitengenezwa na kampuni ya Harris Media ya Texas. Texas! Mtu ambaye hajawahi kunywa chai Naivasha anajua kile mama jirani yangu anaogopa.

Mtaniuliza nani ana wakati wa kukaa kukata maneno ya watu kutwa nzima. Ni kazi, inalipwa. Odanga Madung na Brian Obilo walifanyia shirika la Mozilla utafiti 2021, wakati wa mambo ya BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, wakapata vijana wanalipwa kama dola 10 mpaka 15 kusukuma hashitegi, maagizo yanakuja kwa grupu ya WhatsApp, pesa inaingia kwa M-Pesa. Mimi siwezi kumchukia kijana hana kazi na amepewa elfu moja na kitu, lakini wacha tuseme ukweli, yule amemtuma analala nyumba iko na ukuta na askari, na yule atachomewa ni jirani ya huyo kijana.

Wengine mnangoja niongee AI. Iko, na itakuja na nguvu tukielekea Agosti 2027, lakini mimi hofu yangu kubwa bado ni kisu. Sauti ya kutengenezwa mtu anaweza kuikana, wataalamu wakaipima. Klipu iliyokatwa ni sauti yako, ni sura yako, utaikana aje? Na ile mbaya zaidi ni ya matanga. Jumamosi kiongozi anaongea kwa mazishi kwa lugha ya mama, mtu anaandika Kiswahili chini ya video, na wewe hujui hiyo lugha kwa hivyo unasoma tu kile umeandikiwa. Mimi nimeona video moja ya mazishi ikiwa na maandishi mawili tofauti kabisa, kila moja na upande wake. Kama uko na rafiki wa hiyo lugha mpigie umuulize, ni dakika mbili.

Na msingoje kampuni zenye mitandao. 2022, wiki chache kabla ya kura, mashirika ya Global Witness na Foxglove walipelekea Facebook matangazo ya chuki ya majaribio, mengine Kiswahili mengine Kiingereza, wayatoe kabla hayajaonekana na watu. Ya Kiswahili yakapita. Ya Kiingereza yalikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya sarufi, wakarekebisha sarufi, yakapita. NCIC ikawapa Meta, wenye Facebook, siku saba wajirekebishe. Sheria pia ilitungwa, ile ya makosa ya kompyuta ya 2018, iliweka faini mpaka shilingi milioni tano ama miaka miwili ndani kwa mwenye anachapisha habari za kupotosha kwa makusudi, lakini kesi inatajwa, inaahirishwa, na kura zilishahesabiwa zamani.

Kuna kijana hapo nyuma ameinua mkono tangu nianze, ndio, uliza... Anauliza nilijitetea aje na ile skrinishoti. Swali zuri, na jibu lake halinifurahishi. Kwanza niliifuta ile meseji, na hiyo ilikuwa makosa, juu wale hawakuwa wameona mabishano ya siku ile wakasema si amefuta, basi alimaanisha. Nikaandika maelezo marefu, aya sita, hakuna mtu alisoma. Nikapost picha ya mfereji mkavu, ikapata laiki tatu. Ile ilinisaidia sikuifanya mimi. Usiku wa siku ya tatu katibu wa kamati ya maji, yule yule nilikuwa nimemtukana, aliweka voisi noti kwa grupu, akaitaja tarehe, akaitaja pampu, akasema, "Hao watu ni sisi wa kamati, mimi ndio wa kwanza, na kesho jioni nakuja na risiti." Asubuhi mama jirani alikuja na hiyo voisi noti ikicheza kwa simu, akaketi, akaniambia nimwekee chai.