Nyumba Haihifadhiwi kwa Rangi: Mhadhara Kuhusu Makaazi ya Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Historia ya mji huu siwasomeshi, mnaijua kunizidi. Naanzia ukutani, pale pale ninapoanzia kila nikiitwa, na najua wengine mmeshanichoka.

Kuta za Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unanyonya maji kisha unayatoa. Akija fundi na lipu ya saruji, maji yaliyokwishaingia hayana pa kutokea. Yanapanda mpaka kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, na boriti za mikoko zikikaa na maji zinaoza humo humo, hakuna anayeziona. Nje ukuta mweupe, wa kupigia picha. Juu dari inaanza kubonyea. Siku moja ya masika mnasikia mshindo, mnasema, "Ah, nyumba ilikuwa kongwe." Kongwe! Hata kabla ya hiyo saruji ilikuwa kongwe, mbona haikuanguka?

Najua kuna atakayeniambia chokaa inachelewa. Kweli inachelewa: fundi anapaka tabaka, anasubiri, anapaka jingine, na mwenye nyumba anataka kuhamia kabla ya Ramadhani. Na ghali pia, haya. Lakini bei yake ilinganisheni na dari mpya, msiilinganishe na mfuko wa saruji.

Sasa wakaazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali zikagawiwa familia, chumba chumba. Nyingine ni za wakfu, yaani zilizotolewa kwa ajili ya dini au hisani. Paa likivuja, nani analipa? Wa chini anasema paa halimhusu, wa juu anasema yeye mpangaji tu. UNESCO ilituingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Alhamdulillahi, ila cheti hakizibi paa. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani la 1883, liliporomoka sehemu yake Disemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafariki. Na lile linatazamwa na dunia nzima! Nyumba ya wakfu iliyojificha uchochoroni nani anaitazama?

Mahoteli nilitaka kuyasema kwa kirefu, lakini mwenyekiti keshanionyesha saa. Basi moja tu: kabla ya kutoa ruhusa ya kugeuza nyumba kuwa hoteli, iulizwe wapangaji waliokuwemo wamehamishiwa wapi, na jibu liandikwe kwenye faili, mtaa na namba ya nyumba. Haya, maswali.