Siasa Nje ya Bunge: Akina Mama wa 1992 na Vijana wa 2024

Ndugu zangu, nianze na akina mama. Februari 28, 1992, kikundi cha wanawake, wengi wao wazee wa mashambani, kiliketi Uhuru Park jijini Nairobi kikagoma kula. Mwanaharakati Wangari Maathai alikuwa nao. Chama hawakuwa nacho. Dai lao lilikuwa moja tu: wana wetu mliowafunga kwa ajili ya siasa, waachilieni. Machi 3 polisi wakawavamia kwa marungu na vitoa machozi, Maathai akapigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo. Mama wa rika la nyanyako akikuvulia nguo hadharani, hiyo ni laana, na askari mwenye rungu anaijua vizuri kutushinda sisi wasomi. Wakahamia kanisa kuu la All Saints, hapo karibu, wakapiga kambi kwa karibu mwaka mzima. Kufikia mapema 1993, wengi wa wafungwa wale walikuwa huru.

Sasa tuje Juni 25, 2024. Wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, 106 wakaupinga, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Vijana walikuwa wameusoma, wameufafanua kwa lugha za nyumbani, na wakachangiana kwa simu kulipia majeruhi. Zaidi ya watu 50 waliuawa katika maandamano ya miezi ile.

Vijana hao walisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Serikali zetu zimezoea kuzima moto kwa kumwita mtu mmoja Ikulu anywe chai (Wakenya mnaijua chai hiyo). Safari hii hakukuwa na wa kumwita. Basi wakaitwa wengine: vigogo wa ODM, chama kilichokuwa cha upinzani, wakaingia baraza la mawaziri, John Mbadi akapewa Hazina. Desemba, baadhi ya kodi zilizokataliwa zikarudi kupitia sheria nyingine, na safari hii Rais akatia saini.

Sisemi vijana wachague mwenyekiti. Ila akina mama walikuwa na anwani: waziri akiamka Jumatatu, wapo, Pasaka wapo, Krismasi wapo. Vijana walikuwa na wingi na ujasiri ambao wazee wale hawakuwa nao, lakini baada ya Agosti sikujua niende wapi kuwaona. Na Mswada wa Fedha hutakiwa kufikishwa Bungeni kila mwaka, kabla ya Mei.