Bega la oksijeni: mhadhara uliotolewa Lamu

Asalaam alaykum, walimu wangu na vijana. Mkitoka hapa, piteni mguse ukuta wa nyumba yoyote ya kale. Chokaa ile ya matumbawe imekuwa ngumu kwa kunywa kaboni dioksaidi ya hewani. Ikumbukeni, maana strontiamu titaneti, fuwele ya strontiamu, titaniamu na oksijeni tunayoichunguza leo, nayo ina tabia hiyo hiyo juu yake.

Kazi ya fotoemisheni, yaani kung'oa elektroni kwa mwanga, ni hii: sampuli huwekwa katika ombwe na kupigwa eksirei za alumini, elektrovolti 1486.6. Elektroni huchomoka, nasi tunapima nishati zinazotoka nayo. Tofauti yake na nishati ya eksirei, ukishatoa sehemu ya kifaa chenyewe, ndiyo nishati iliyokuwa imezishika. Kwenye grafu hiyo huonekana kama kilele, na namba za vilele nitakazotaja ni elektrovolti zake. Zinazofika bila kupoteza nishati hutoka nanomita chache tu za juu.

Titaniamu iliyozungukwa na oksijeni sita hutoa kilele karibu na 458.7, na pacha wake 5.7 juu zaidi. Kitabuni imeipa oksijeni elektroni zake nne za nje zote. Lakini eksirei ya sinkrotroni, mtambo ambao nishati ya eksirei zake huweza kubadilishwa, ikirekebishwa hadi pale titaniamu inapoifyonza kwa nguvu, karibu na elektrovolti 460, sehemu ya chini ya bendi ya valensi, yaani ya elektroni za bondi, huvimba. Kumbe titaniamu bado ina hisa katika elektroni zile. Bondi si ya ayoni tupu.

Sasa oksijeni. Kilele cha fuwele kiko karibu na 530, na ubavuni mwake, kati ya 531 na 532, kuna bega, yaani uvimbe mdogo ulioegemea kilele. Wengi huliita nafasi tupu za oksijeni. Nawasihi, msifanye hivyo! Mahali pasipo na oksijeni hapatoi elektroni ya oksijeni. Bega lile kwa kawaida ni hidroksidi ya unyevu na kaboneti: strontiamu ya juu imekunywa hewa, kama chokaa. Kaboni ya kaboneti itafuteni kati ya 289 na 290, mkiangalia strontiamu isiwachanganye, kwani ina kilele chake karibu na 279. Nafasi tupu zitafuteni kwenye titaniamu, maana oksijeni ikitoka huiachia elektroni: tazameni bega dogo kama elektrovolti 2 chini ya kilele chake.

Sampuli isiyopitisha umeme hujichaji, na vilele vyote husogea pamoja. Kwa hiyo pimeni umbali kati ya oksijeni na titaniamu, takriban 71, huo hauyumbi.

Mkiona sodiamu karibu na 1072 na klorini karibu na 199, ni chumvi ya upepo wa bahari au jasho la kidole. Msiukwangue uchafu huo kwa ayoni za agoni: hung'oa oksijeni na kuzaa bega la titaniamu ambalo halikuwapo. Badala yake, ipasheni sampuli moto ndani ya oksijeni, kisha ipimeni bila kuitoa hewani.