Shimo Jeusi Linalolishwa kwa Upepo

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naomba tuanze kwa kuondoa dhana moja inayonikera: kwamba shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali mno hata mwanga haukitoroki, hufyonza kila kilicho jirani nalo. Lingekuwa hivyo, nyota iitwayo S2 ingeshamezwa zamani. Nyota hiyo hulizunguka Sagittarius A*, shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, mara moja kila miaka 16. Mei 2018 ilipita karibu nalo kabisa, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde, kisha ikaenda zake. Kwa kufuatilia njia za nyota kama hizo, timu za wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez zililipima shimo lile na kukuta lina uzito wa Jua mara milioni 4 hivi. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Mkiwa Dar es Salaam au Mombasa usiku wa Julai, tazameni juu, upande wa kundi la nyota liitwalo Kausi. Liko huko, nyuma ya vumbi zito, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi; mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja.

Sasa, shimo zito namna hiyo hula nini?

Hula upepo. Kulizunguka, ndani ya miaka ya nuru michache tu, zimo nyota zipatazo 30 za aina ya Wolf-Rayet. Ni nyota kubwa, zenye joto kali, zilizokaribia mwisho wa maisha yao, na mwanga wao wenyewe huzipukutisha gesi kwa mwendo wa kilomita 1,000 hivi kwa sekunde. Jua letu nalo lina upepo, lakini gesi inayopotezwa na nyota moja ya aina hii kwa mwaka mmoja, Jua lingehitaji mamia ya mamilioni ya miaka kuipoteza.

Pepo hizo zinagongana mahali finyu. Mwendo unageuka joto, gesi inafikia digrii milioni 10 na kupita, inang'aa kwa eksirei, na darubini ya Chandra iliyoko angani imeuona mng'ao huo. Lakini gesi yenye moto kiasi hicho haikubali kutulia ianguke. Karibu yote inapeperuka nje tena, na inayofika ukingoni mwa shimo haitimii hata asilimia 1. Ile pete ya mwanga tuliyoonyeshwa Mei 2022 na Event Horizon Telescope, mtandao wa darubini za redio, ni makombo hayo yakiwaka.

Nyota zenyewe zilitoka wapi? Hilo ndilo linalonivutia zaidi. Zina umri wa miaka milioni chache tu, na wingu la kawaida la gesi haliwezi kuzaa nyota pale, kwa sababu mvutano wa shimo hulichanachana. Ni nguvu ya jamii ileile inayoijaza na kuipwesha bahari. Hata hivyo nyingi kati ya nyota hizo huzunguka pamoja, katika sahani moja. Maelezo ninayoyaona yana nguvu kuliko mengine ni kwamba gesi iliwahi kurundikana humo ikawa nzito mno, hata mvutano wake wenyewe ukashinda, ikakatika vipande vilivyokuwa nyota. Gesi ilizizaa nyota, na leo nyota zinairudisha gesi.

Kuna penginepo mambo hayo ni ya vurugu zaidi. Mwaka 2019, katika galaksi nyingine, nyota iliraruliwa na shimo jeusi. Tukio hilo linaitwa AT2019qiz. Mabaki yake yalitandaa yakawa sahani ya gesi, na miaka michache baadaye darubini zikaona eksirei ikilipuka kila baada ya saa 48 hivi. Inaelekea kuna jirani aliyekuwa akizunguka pale, nyota nyingine au shimo jeusi dogo, na sahani ilipotanuka ikaifikia njia yake. Tangu hapo kila anapoipenya hurusha gesi ya moto. Kama gesi inamkaba na kumpunguzia mwendo, njia yake itazidi kubana, na muda kati ya mlipuko na mlipuko utafupika. Darubini za eksirei zinaweza kulipima hilo.

Karibuni kwa maswali.